KIPIMO NA MKALIMANI: WAZEE, KIHARUSI NA ZANA ZA AFYA KANDOKANDO YA ZIWA VIKTORIA TANGU MWAKA 1929

Miongoni mwa magonjwa yanayowapata wazee, ni machache yaingiayo nyumbani kwa ghafla kama kiharusi. Mtu hulala mzima, akaamka mdomo umepinda, mkono mmoja hauinuki, na maneno aliyoyajua tangu utotoni hayatoki. Walakini ghafla hiyo ni ya macho tu. Ndani ya mishipa mambo huwa yameandaliwa kwa miaka mingi, na mwandalizi mkubwa ni shinikizo la damu lililozidi kiasi. Shinikizo hilo aghalabu haliumi, halileti homa, wala halimzuii mtu kwenda shambani au ziwani. Hapana njia ya kulijua ila kulipima.

Kipimo hutoa namba mbili. Mzee hawezi kuzitumia namba hizo mpaka mtu amweleze, kwa lugha anayoielewa na kwa adabu anayoikubali, zasema nini na yampasa afanye nini. Kwa sababu hiyo historia ya zana za afya katika Mwanza na sehemu nyingine za kandokando ya Ziwa Viktoria yaweza kusomwa kuwa historia ya wakalimani: daktari wa zama za ukoloni, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, kiongozi wa kikundi cha redio, muuguzi wa zahanati, na siku hizi mjukuu mwenye simu. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba zana iliyoletwa pamoja na mkalimani wake ilifaa, na iliyoletwa peke yake ilifaa kidogo. Na kwamba jambo hili, lililokwisha kudhihirika Mwanza zaidi ya nusu karne iliyopita, halina budi kukumbukwa sasa, zana za kidijitali zinapotazamiwa kuwakinga wazee na kiharusi.

I. Majina ya ugonjwa

Yafaa kuanza na maneno, kwa kuwa ndiyo zana ya kwanza ya kila mganga. Neno kiharusi katika vinywa vya watu lina eneo pana. Hutajwa kwa kupinda uso, kwa kufa ganzi mkono au mguu, na kwa kupooza upande mzima wa mwili. Neno kupooza nalo hutumika kwa kiharusi cha mzee na kwa ugonjwa wa polio wa mtoto, ingawa chanzo cha kimoja hakihusiani na cha kingine. Tena kiharusi si jina la dalili peke yake. Huja pamoja na rai juu ya chanzo chake. Mwaka 2008 Gerry Mshana na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya jinsi watu wa Dar es Salaam na wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wanavyoueleza ugonjwa huu. Dar es Salaam wengi waliutaja kuwa kazi ya mapepo au uchawi. Hai wengi waliueleza kwa sababu za mwili, kama vile shinikizo la damu. Ajabu ya matokeo hayo ni kwamba mji mkubwa, wenye hospitali nyingi kuliko kijiji, ndio uliokuwa na maelezo ya mapepo kwa wingi. Basi haitoshi kudhani kwamba ujirani na hospitali huleta wenyewe maelezo ya hospitali.

Neno la pili ni presha. Limekopwa kutoka Kiingereza likazoeleka katika nchi nzima, hata mtu asiyejua kusoma hulitumia. Lakini lilipoingia lilijipatia maana mbili. Maana moja ni ile ya zahanati, nguvu ya damu ndani ya mishipa. Nyingine ni ile ya maisha: wasiwasi, hasira, mawazo. Mtu akisema "presha imenipanda" yawezekana amepimwa, na yawezekana amekasirishwa. Vivyo hivyo husemwa "presha ya kupanda" na "presha ya kushuka," kana kwamba ni maradhi mawili yenye wenyewe wawili. Matokeo ya mkanganyo huu si ya kisarufi tu. Mzee anayeamini kwamba presha ni mawazo hujitazama moyoni asubuhi, na akijiona ametulia huiacha dawa. Naye akiacha dawa hasikii tofauti yoyote, kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa kimya tangu mwanzo.

Istilahi rasmi, shinikizo la juu la damu, imesimama vema katika vitabu. Ubora wake ni kwamba haina maana ya hasira ndani yake. Udhaifu wake ni kwamba haikutoka sokoni wala mwaloni, na mzee wa Ukerewe au Magu aghalabu huisikia kwa mara ya kwanza siku anapoambiwa kuwa anao ugonjwa huo. Na ikumbukwe kwamba kwa wazee wengi wa eneo hili Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili. Mkoani Mwanza Wasukuma ndio walio wengi. Wako pia Wakerewe, Wakara, Wajita na Wazinza. Namba ya mashine hufika kwa mzee baada ya kuvuka lugha mbili, pengine tatu.

II. Daktari wa Kisii na hitimisho lake

Kipimo cha shinikizo la damu kilipata umbo lake la kawaida barani Ulaya. Mwaka 1896 Mwitalia Scipione Riva-Rocci alieleza mkanda unaofungwa mkononi na kuunganishwa na zebaki, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha namna ya kusikiliza mapigo chini ya mkanda huo. Haikupita miaka 25 kabla kipimo hicho hakijatumika karibu na Ziwa Viktoria kwa uchunguzi uliojulikana ulimwenguni.

Mchunguzi alikuwa C. P. Donnison, daktari wa serikali ya kikoloni ya Kenya aliyefanya kazi Kisii, katika nchi ya vilima iliyo mashariki ya ziwa. Mwaka 1929 alichapisha katika jarida la Lancet la London matokeo ya kuwapima Waafrika 1,000. Ulaya wakati huo ilijulikana kwamba shinikizo hupanda kadiri mtu anavyozeeka. Donnison aliona kinyume: kwa watu aliowapima, lililingana na la Wazungu katika ujana, lakini baada ya miaka 40 halikupanda, bali lilielekea kushuka. Mwaka 1937 aliiendeleza hoja hiyo katika kitabu kizima kuhusu ustaarabu na maradhi, akadai kwamba magonjwa ya namna hii ni matunda ya maisha ya kisasa.

Mambo mawili yafaa kusemwa juu ya kazi hiyo. La kwanza ni kwamba hoja yake yote ilisimama juu ya umri, ilhali umri wa mtu mzima katika nchi hiyo mwaka 1929 ulikisiwa. Hapakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Mtu alihesabiwa kwa njaa, kwa vita, kwa rika la jando, au kwa sura tu. La pili ni kwamba namba zake, hata zikikubaliwa, ziliweza kusomwa kwa njia mbili. Waliosoma kwa haraka walisema kwamba mwili wa Mwafrika haupati presha. Waliosoma kwa uangalifu walisema kwamba maisha ya watu wale, chakula chao na kazi zao, yaliwakinga, na maisha yakibadilika kinga nayo itaondoka.

Jibu lilikuja miaka 61 baadaye, tena kutoka ziwa hilo hilo. Mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza habari za Waluo waliohama kutoka mwambao wa kaskazini wa ziwa kwenda Nairobi, wakilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Kijijini shinikizo lilikuwa la chini. Kwa waliohama lilianza kupanda katika miezi ya mwanzo tu ya maisha ya mjini, na pamoja nalo uliongezeka uzito wa mwili na kiasi cha chumvi kilichopimwa katika mkojo. Kumbe damu ya mtu haikuwa na kabila. Kijana aliyepanda basi kwenda mjini aliweza kuichukua hatari ya kiharusi njiani bila kuisikia, akarudi nayo uzeeni.

Wazee waliopimwa Kisii walipimwa ili namba zipelekwe London, na elimu iliyopatikana ilikuwa mali ya wasomaji wa Lancet. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya hatua ile na ile iliyofuata Mwanza, ambapo watu wazima wenyewe walifundishwa kusoma.

III. Kisomo, gazeti na redio

Mwezi Januari 1968 ulianza katika mikoa ya ziwa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioendeshwa na serikali ya Tanzania kwa msaada wa UNESCO na Umoja wa Mataifa. Makao yake yalikuwa Mwanza, na eneo lake lilikuwa mikoa minne ya wakati huo: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Uliendelea mpaka mwaka 1972. Vitabu vyake vya kusomea havikuanza na hadithi, bali na kazi ya msomaji mwenyewe: pamba, samaki, migomba, ng'ombe, na mambo ya nyumbani. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa maneno ya pamba, na mvuvi kwa maneno ya uvuvi.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na njia zilizojaribiwa Mwanza zikaenezwa nchini. Mwaka 1967 ilikadiriwa kuwa watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Baada ya mtihani wa taifa wa mwezi Agosti 1975 idadi hiyo ilihesabiwa kuwa 39. Mwanza lilitolewa pia gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, ili waliokwisha kujua kusoma wasisahau.

Kampeni iliyogusa afya moja kwa moja ilikuwa Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa majuma 12 redio ilitangaza vipindi vya afya, nao watu wapatao milioni 2 walivisikiliza nchini kote wakiwa wamekusanyika katika vikundi. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamefunzwa kwa kazi hiyo. Kila kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma sehemu ya kitabu iliyohusika, kikajadiliana, kisha kikaamua jambo la kutenda: kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kuchemsha maji. Maradhi yaliyolengwa yalikuwa ya zama hizo, kama vile malaria, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Kiharusi hakikuwamo.

Kampeni hiyo inahusu sana habari hii kwa sababu ya watu wake. Kijana aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1970 alitimiza miaka 80 mwaka 2025. Wazee wanaosemwa leo kuwa ni wageni wa zana za mawasiliano ndio wale wale waliokaa chini ya mwembe wakaisikiliza redio kwa majuma 12, daftari mkononi. Walikwisha kutumia zana mpya ya afya, tena kwa wingi. Ila redio ile haikuachiwa kazi yote. Ilikuwa na kitabu, kikundi na kiongozi. Tena kiongozi alikuwa mtu wa kijiji hicho, aliyeweza kulirudia kwa Kisukuma au Kikerewe neno lililopita haraka kwa Kiswahili.

IV. Bugando na hesabu ya wagonjwa

Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachoutazama mji wa Mwanza. Ilijengwa na Kanisa Katoliki kwa msaada mkubwa kutoka Ujerumani, ikachukuliwa na serikali muda mfupi baadaye, na mwaka 1985 ikarudishwa mikononi mwa Kanisa chini ya makubaliano na serikali. Mwaka 2003 kilianzishwa hapo chuo cha kufundisha madaktari, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Sayansi za Afya na Tiba. Kwa watu wa mikoa ya ziwa, kusema mgonjwa "amepelekwa Bugando" ni kusema kwamba hali ni nzito.

Kwa muda mrefu ukubwa wa kiharusi nchini haukujulikana, kwa kuwa wengi walikufa majumbani. Hesabu ya kwanza yenye uzito ilitokana na mradi ulioanza mwaka 1992 Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, ambao uliwahoji wafiwa juu ya dalili za marehemu. Baadaye, kati ya mwaka 2003 na 2006, Richard Walker na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wapya wa kiharusi Dar es Salaam na Hai. Matokeo yaliyotoka mwaka 2010 yalionyesha kwamba, tofauti za umri zikisawazishwa, Hai walipatikana wagonjwa wapya 108.6 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam 315.9. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kilikuwa miongoni mwa vikubwa vilivyopata kuandikwa popote duniani.

Mwanza nayo ilihesabu. Mwaka 2013 Robert Peck na madaktari wa Bugando walionyesha kwamba maradhi yatokanayo na shinikizo la damu, kiharusi kikiwamo, yalikuwa miongoni mwa sababu kubwa kabisa za vifo vya watu wazima waliolazwa katika wodi zao. Mwaka 2014 uchunguzi wa watafiti wa Mwanza na wenzao ulionyesha kwamba hospitali zilikuwa na uwezo fulani wa kutibu presha, lakini zahanati, zilizo karibu zaidi na watu, mara nyingi zilikosa dawa, miongozo au wahudumu waliofunzwa kazi hiyo. Na mwaka 2015 Bazil Kavishe na wenzake, waliowapima watu wa Kaskazini-Magharibi ya Tanzania na wa kusini ya Uganda, waliripoti kwamba presha ilikuwa imeenea mijini na vijijini pia, na kwamba wengi wa waliokuwa nayo hawakuwa na habari. Miaka 86 ilikuwa imepita tangu makala ya Kisii. Ziwa lilikuwa lile lile. Namba zilikuwa nyingine.

Yakumbukwe pia yaliyokuwa yamegunduliwa kwingineko wakati huo. Zamani madaktari wengi walidhani kwamba kupanda kwa shinikizo uzeeni ni jambo la maumbile, na kwamba si salama kulishusha. Mwaka 1991 jaribio la Marekani lililowahusu watu 4,736 wenye umri wa miaka 60 na zaidi lilionyesha kwamba kulishusha kwa dawa za bei nafuu kulipunguza viharusi kwa asilimia 36. Mwaka 2008 jaribio jingine, la watu waliotimiza miaka 80 na zaidi, lilionyesha kwamba hata hao hufaidika. Basi si kweli kwamba mzee amechelewa. Anayechelewa ni yule asiyemweleza.

V. Simu na mashine ya presha

Simu za mkononi zilianza Tanzania mwaka 1994 Dar es Salaam, na katika miaka ya 2000 zikaenea kandokando ya ziwa mpaka visiwani. Mwaka 2008 zikaanza kupeleka fedha. Kufikia sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu watu 61,741,120 nchini na 3,699,872 mkoani Mwanza, laini za simu zilizoandikishwa zilikaribia idadi ya watu wenyewe. Mzee wa kijijini aghalabu humiliki kitochi, ile simu ndogo ya vibonye yenye kurunzi; simu ya kioo kikubwa huwa ya mwana au ya mjukuu. Wakati huo huo mashine ya presha ya betri, inayojipuliza yenyewe na kuonyesha namba kiooni, ilichukua mahali pa zebaki katika vituo vingi, ikaanza kuuzwa madukani na kupelekwa sokoni na watu wanaopima kwa malipo madogo.

Serikali nayo iliandika mikakati ya afya ya kielektroniki, kwanza kwa miaka 2013 hadi 2018, kisha 2019 hadi 2024. Wizara ya Afya ikafungua namba ya bure, 199, ya kuulizia mambo ya afya. Mwaka 2018 chombo cha kuruka kisicho na rubani kilijaribiwa kupeleka dawa kati ya Mwanza na kisiwa cha Ukerewe. Kiliruka kilomita 60 juu ya maji kwa muda wa dakika 40 hivi. Jaribio hilo lilionyesha wazi kwamba umbali wa ziwa waweza kushindwa. Halikuonyesha, wala halikukusudiwa kuonyesha, namna ya kumfanya mzee wa Nansio azimeze dawa hizo kila siku kwa miaka 20.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni ule wa m-mama, mpango wa usafiri wa dharura ambao mizizi yake iko Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, na Shinyanga. Ndugu wa mjamzito aliyepata matatizo hupiga namba ya bure. Mpokeaji humwuliza maswali kwa utaratibu uliopangwa. Kama gari la wagonjwa haliko karibu, huitwa dereva wa kijiji aliyekwisha kuandikishwa, naye hulipwa kwa simu. Tangu mwaka 2022 mpango huo, kwa namba 115, ulienezwa katika nchi nzima. Simu ndani yake ni kamba tu. Inayovuta mzigo ni mikono ya watu waliojuana kazi: mpokeaji, dereva, muuguzi anayesubiri mlangoni.

Mpango huo uliundwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mzee aliyepinda mdomo alfajiri hakuwekewa wake. Na saa kwake ni kitu kikubwa: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda katika ubongo, pale inapopatikana na pale picha ya ubongo inapothibitisha kuwa inafaa, hutakiwa kutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa mwezi Juni 2025, likaondoa kungoja kivuko kwa wagonjwa wanaotoka Sengerema na Geita. Lakini daraja humfaa mtu aliyekwisha kuamua kuondoka. Nyumba inayobishana kama hili ni pepo au ni presha haijafika darajani.

VI. Mzee mbele ya kioo

Hapa ndipo suala la lugha linaporudi kwa nguvu. Mashine nyingi za presha huandika kando ya namba zake vifupisho vya Kiingereza, herufi tatu tatu. Mzee aliyejifunza kusoma mwaka 1971 huzisoma tarakimu bila shida, kwa kuwa alifundishwa kupima pamba. Ila zile herufi hazikuwamo katika kitabu chake. Huona 168 na 95, asijue ipi ni ya juu, wala kama 168 ni jambo la kuogopa au la kushukuru. Angeambiwa kwamba namba ya kwanza isizidi 140 na ya pili isizidi 90, na kwamba, kama uchunguzi mkubwa wa mwaka 2002 ulivyoonyesha kwa watu wa miaka 40 hadi 69, kila milimita 20 zinazoongezeka katika namba ya juu, kuanzia 115, zaidi ya kuongeza maradufu hatari ya kufa kwa kiharusi, angekuwa na la kufanya.

Ujumbe mfupi wa simu nao una tatizo lake. Nafasi yake ni herufi 160. Mwandishi anayebana maneno hukata kwanza salamu, kisha jina, kisha neno la kusihi, hata ikabaki amri tupu: meza dawa, punguza chumvi, nenda kliniki. Kwa Kiswahili cha adabu mtu hamwamrishi aliyemzidi umri. Humwamkia shikamoo, humwita babu au bibi, mzee wangu au mama, kisha humwomba. Amri isiyo na mwenyewe, iliyoingia usiku ndani ya simu, haina mahali pa kukaa katika adabu hiyo. Aghalabu anayeisoma ni mjukuu, naye hukutwa na mtihani mwingine: kumwambia babu yake kwamba chakula alichokila miaka 70 kina chumvi nyingi mno.

Majaribio ya mbali yanaafikiana na haya. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Cape Town, ambapo watu wenye presha walipelekewa ujumbe wa simu kwa mwaka mzima. Namba yao ya juu ilipungua kwa takribani milimita 2 tu kuliko ya wenzao. Mwaka 2017 Katherine Tucker na wenzake waliyakusanya majaribio zaidi ya 20 ya watu wanaojipima presha nyumbani. Waliona kwamba kujipima peke yake hakuishushi presha hata kidogo inayohesabika. Kujipima pamoja na mashauri ya karibu ya mhudumu wa afya huishusha kwa kiasi cha maana. Yaani waliyoyaona ni yale yaliyotendwa vijijini mwaka 1973, ila kwa tarakimu: chombo hufaa kikiwa na kiongozi wa kikundi.

Tamati

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na ikataka apewe huduma za afya. Haki hiyo haikamiliki kwa dirisha la wazee peke yake wala kwa mashine mpya mezani. Kandokando ya Ziwa Viktoria kipimo cha damu kimekwisha kuwa na vipindi vitatu. Katika cha kwanza wazee walipimwa, na maana ikapelekwa ng'ambo. Katika cha pili watu wazima walifunzwa kusoma na kusikiliza pamoja, lakini kipimo hiki hakikuwa katika masomo yao. Katika cha tatu kipimo kimefika hata sokoni, nacho kikundi kimevunjika. Kila mtu ameachiwa kioo chake na namba zake.

Kazi iliyobaki kwa wataalamu wa lugha si ndogo. Yapasa kuyatenga maneno presha na mawazo, ili mzee ajue kwamba utulivu wa moyo si ushahidi wa utulivu wa mishipa. Yapasa kuwa na maneno machache ya tahadhari yanayosemeka kwa pumzi moja katika Kiswahili na katika lugha za ziwa: uso umepinda, mkono umeanguka, ulimi umekuwa mzito, ondokeni sasa. Yapasa ujumbe uandikwe kwa heshima, hata kama utachukua nafasi ya jumbe mbili. Na yapasa zaidi ya yote kukirudisha kikundi, kwa kuwa watu waliokizoea wangali hai. Wanafunzi wa mwaka 1970 sasa ndio wenye umri wa kiharusi, na wanajua kukaa darasani. Wakipewa mashine moja, mhudumu mmoja wa afya wa kijiji na daftari, watafanya kazi waliyokwisha kuifanya. Lakini miaka yao haitangoja sana.